Sanduku moja la joto, fimbo za aina tatu: uchambuzi wa kisa cha karakana ya nyumbani

Mwenye kisa hiki ni fundi anayechomelea nyumbani kwake siku za mapumziko. Karakana yake iko nyuma ya nyumba: paa la bati, sakafu ya saruji, mashine moja ya inveta inayotoa umeme wa DC (wa mkondo mmoja), meza nzito ya chuma, na rafu ya mbao ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ghala la fimbo za kuchomelea, yaani waya wa chuma uliopakwa dawa ya kukinga weldi. Pakiti ilifunguliwa, ikatumika nusu, ikarudishwa rafuni ikiwa wazi. Kazi zake nyingi ni mageti, fremu za meza na matengenezo ya matela, na kwa kazi hizo rafu haikumletea shida ya kumshtua.

Halafu akasoma kwamba fimbo za E7018 (nambari ya aina ya fimbo, kwa mkato 7018), pakiti ikishafunguliwa, zinatakiwa kukaa kwenye joto la kati ya nyuzi 120 na 150 za selsiasi. Ni kweli. Akatengeneza sanduku: kuta mbili za bati, pamba ya kioo katikati, elementi ya oveni mbovu kwa chini, themostati aliyoiweka kwenye nyuzi 120, na mlango wenye ukanda wa kuzuia hewa. Kazi ya mikono ilikuwa safi. Akahamishia humo fimbo zote alizokuwa nazo, akazipanga kwa unene: za milimita 2.5 trei ya chini, 3.2 katikati, 4.0 juu. Ndani ya kila trei, fimbo za aina tatu, 6011, 6013 na 7018, zililala pamoja.

Miezi kadhaa baadaye weldi zake zikawa mbaya kuliko enzi za rafu. Aliponiita alikuwa ameshabadilisha kebo, amenunua kibanio kipya cha athi, na alikuwa anafikiria kuiuza mashine. "Kaka, sasa hivi ndiyo nazitunza," aliniambia, "na sasa hivi ndiyo zinaharibika."

Alichokuwa anakiona

Malalamiko yake yalikuwa mawili, na nadhani kosa la kwanza la uchunguzi wake lilikuwa kuyachukulia kama tatizo moja.

La kwanza lilihusu 7018. Kila alipoanzisha weldi, sentimita moja au mbili za mwanzo zilijaa vitundu. Alivisaga kwa grainda, akarudia, vikatoka tena. Baya zaidi, alikuwa amechomelea jicho la kuvutia tela, chuma cha unene wa milimita 20 hivi, na siku ya pili, kabla tela halijavuta chochote, akakuta ufa mwembamba kama unywele. Ufa haukupita juu ya weldi. Ulikwenda sambamba nayo, pembeni kidogo, ndani ya chuma chenyewe.

La pili lilihusu 6011. Fimbo hii mafundi huipenda kwa sababu inachimba: ina msukumo, inapenya kwenye rangi na kutu, inafaa kufungia mizizi ya viungo, yaani sehemu ya chini kabisa ya weldi. Zake zilikuwa zimepoa. Tao la umeme, yaani mwako kati ya ncha ya fimbo na chuma, lilikuwa linayumba, weldi inakaa juu juu, na dawa ya fimbo inaungua nyuma ya ncha badala ya kwenda sawa na waya.

Za 6013 hazikuwa na malalamiko ya maana, na hilo ndilo lililompoteza. Kama fimbo za aina moja zinafanya kazi vizuri, aliwaza, basi sanduku ni zima na tatizo liko kwenye mashine. Mimi nilisoma jambo hilohilo kinyume chake. Mashine moja, mkono mmoja, kebo moja, na fimbo aina tatu zenye matokeo matatu tofauti: tofauti iko kwenye fimbo.

Fimbo zenyewe kwa karibu

Nilizitoa chache za 7018 nikaziweka kwenye mwanga. Dawa ya 7018 kwa kawaida ni ya kijivu iliyofifia, laini kuguswa. Hizi zilikuwa na unga mweupe uliotambaa kwa mabaka, mwingi zaidi karibu na mwisho wa kushikia. Unga huo ni chumvi. Dawa ya fimbo hugandishwa kwenye waya kwa silikati ya sodiamu au ya potasiamu, na unyevu pamoja na kabonidayoksaidi ya hewani vikiipata silikati hiyo kwa muda mrefu, kabonati hujitokeza juu. Kwenye ncha ya kushikia, pale waya unapobaki wazi, kulikuwa na kutu ya rangi ya chungwa iliyoanza kuingia chini ya dawa. Nilizigonganisha mbili. Fimbo kavu hutoa mlio mkali wa chuma. Hizi zilitoa mlio mfu. Mlio peke yake hauthibitishi kitu, lakini ukiungana na unga na kutu, picha inakamilika: fimbo hizi zililowa zamani, zikiwa bado rafuni, kabla sanduku halijazaliwa.

Hapo ndipo kiini cha nusu ya kwanza ya kisa. Joto la nyuzi 120 ni joto la kutunza. Linaizuia fimbo kavu isinyonye unyevu. Haliikaushi fimbo iliyokwisha kulowa, kwa sababu maji yaliyoingia ndani ya dawa ya aina hii yameshikamana na kemia yake na hayatoki kwa joto hilo dogo. Ili kuirejesha 7018 iliyokaa wazi, watengenezaji wengi hutaka nyuzi 340 hadi 400 kwa saa moja hivi, na kanuni ya Marekani ya kuchomelea miundo ya chuma, AWS D1.1, huruhusu angalau saa mbili kati ya nyuzi 260 na 430. Kanuni hiyohiyo huruhusu fimbo kukaushwa mara moja tu, na fimbo iliyolowa maji haitumiki tena. Kwa hiyo yeye alichukua fimbo mbovu akazihifadhi vizuri katika ubovu wake.

Za 6011 zilisimulia hadithi nyingine. Rangi ya dawa ilikuwa imeiva, kahawia iliyokolea kuliko ya fimbo mpya, na ukiikwangua kwa ukucha ilimeguka. Dawa ya 6011 na ya ndugu yake 6010 imejengwa kwa selulosi, jamii ya karatasi na nyuzi za mbao, na hutoka kiwandani ikiwa na unyevu wa asilimia 3 hadi 7 kwa makusudi. Selulosi na maji hayo vikiungua hutoa wingi wa gesi, hasa hidrojeni na kabonimonoksaidi, na gesi hizo ndizo zinazolikinga bwawa la chuma kilichoyeyuka na kulipa tao msukumo wake. Ukizikausha kwenye nyuzi 120 kwa miezi, umeondoa kilichokuwa kinazifanya zichimbe. Fimbo hizi hazikaushwi kwenye oveni, wala haziwekwi kwenye oveni ya kutunzia.

Nazo 6013 zina dawa ya rutili (madini ya titani), ambayo ni mvumilivu. Inataka ukavu wa kawaida, si ukavu wa 7018, na hata ikilowa kidogo saa moja kwenye nyuzi 135 hivi mara nyingi huirejesha. Sanduku lake halikuziharibu sana. Halikuwa na kazi kubwa kwake pia.

Jaribio

Sikutaka aniamini kwa maneno. Tulisaga bamba la milimita 10 mpaka likang'aa, tukafungua kopo jipya la 7018 lililofungwa kiwandani, na tukachomelea mistari sambamba kwa fimbo za milimita 3.2: fimbo ya sanduku, fimbo ya kopo, fimbo ya sanduku, fimbo ya kopo. Ampea 120, DC, fimbo upande wa chanya. Mkono ulikuwa wake mwenyewe mistari yote, na hilo nililisisitiza, kwa sababu 7018 hata ikiwa kavu hutoa vitundu mwanzoni kama fundi anaanzisha na tao refu. Mkono ukibaki uleule, kasoro hiyo inagawanyika sawa kwa pande zote mbili.

Fimbo za sanduku zilikuwa na kelele, zikirusha cheche kubwa, na slagi yake (ganda linalobaki juu ya weldi) ilibandukana kwa vipande vyenye mashimo upande wa chini. Za kopo ziliungua kimya, slagi ikajiviringisha yenyewe. Tuliposaga mistari hadi nusu ya kina chake, tofauti ilionekana bila miwani: vitundu vya mviringo na vingine virefu kama njia za minyoo kwenye mistari ya sanduku, chuma kizima kwenye ile mingine. Akaacha kuzungumzia kuuza mashine.

Kwa 6011 tulifanya vivyo hivyo kwa ampea 100. Fimbo mpya ilitoboa tundu la mzizi na kulibeba mbele. Ya sanduku ilitandaza chuma juu juu. Hapakuwa na haja ya kusaga.

Ufa wa jicho la tela

Vitundu vinaonekana, vinasagwa, vinarudiwa. Ufa ndio ulionitia wasiwasi, kwa sababu chuma cha kuvutia tela kikikatika njiani, anayeumia mara nyingi si aliyekichomelea.

Tao la umeme huyapasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni huyeyuka kwenye chuma cha moto kwa urahisi, na chuma kinapopoa uwezo wa kuibeba hupungua ghafla. Sehemu hutoka kama vitundu. Sehemu hubaki, atomu moja moja, ikitembea polepole ndani ya chuma hadi ipate mahali pagumu penye mkazo, na hapo hufungua ufa. Safari hiyo huchukua saa nyingi, wakati mwingine siku mbili au tatu, na hutokea chuma kikiwa kimeshapoa chini ya nyuzi 200 hivi. Ndiyo maana ufa haukuonekana jioni ya kazi.

Lakini ufa wa aina hii unahitaji mambo matatu kwa pamoja: hidrojeni, chuma kigumu kinachovunjika badala ya kupinda, na mkazo. Fimbo zilileta hidrojeni. Ugumu aliuleta yeye kwa kuchomelea chuma kinene, chenye kaboni ya wastani, kikiwa baridi kabisa. Weldi inapoa haraka kwenye chuma kinene na pembeni yake panakuwa pagumu. Mkazo ulitokana na jicho lenyewe kushikwa pande zote lisiweze kusinyaa. Sitasema fimbo zenye unyevu ndizo pekee zilizopasua jicho lile. Ninachosema ni kwamba fimbo kavu zingemwondolea moja kati ya yale matatu, na kupasha chuma joto la nyuzi 150 au zaidi kabla ya kuanza, kisha kukiacha kipoe taratibu, kungemwondolea la pili. Alikuwa amekosa yote mawili, na mtu akikosa yote mawili hana tena nafasi ya kuhimili bahati mbaya.

Kupanga upya

Kitu cha kwanza tulichokibadilisha ni kigezo cha kupanga. Unene wa fimbo ni jambo la kuchagua ukiwa tayari umeamua aina. Dawa ndiyo inayoamua fimbo ikae wapi, kwa hiyo aina ikawa mpaka wa kwanza na unene mpaka wa pili. Tulitoa kila fimbo na kuisoma nambari iliyochapwa kwenye dawa karibu na mwisho wa kushikia. Ambayo nambari yake ilifutika ilipelekwa kwenye kopo la mazoezi. Nisingemshauri mtu abahatishe kwa rangi ya dawa. Kila mtengenezaji ana rangi zake, na 6013 ya mmoja yaweza kufanana na 7018 ya mwingine. Fimbo isiyojulikana isiguse kitu kinachobeba mzigo.

Fimbo za 7018 zilizokuwa na unga na kutu zilitupwa. Chache zilikuwa na dawa safi isiyo na dalili, na hizo kwa nadharia zingeweza kukaushwa, lakini hakuwa na tanuri la kufika nyuzi 340. Aliniuliza kuhusu oveni ya jikoni. Nilimkatalia kwa sababu mbili: oveni nyingi za jikoni huishia nyuzi 250, na dawa ya fimbo ina floraidi na madini mengine yasiyotakiwa mahali panapopikwa chakula. Hata mwenye tanuri linalofaa asiitumbukize fimbo yenye unyevu moja kwa moja kwenye nyuzi 400, maana mvuke ukitoka kwa pupa huipasua dawa. Joto lipandishwe hatua kwa hatua. Basi zile zilizobaki zikaandikwa kwa kalamu ya wino mzito "KAZI NYEPESI" na kuwekwa kando kwa mambo ya fremu na viti.

Sanduku lake zuri likabaki na kazi moja: 7018 peke yake, zinazoingia moja kwa moja kutoka kopo jipya. Kwenye mlango alibandika karatasi ya tarehe ya kufungua kila kopo, na zilizotangulia kuingia ndizo zinazotangulia kutoka. Wakati wa kazi anatoa chache chache. Kanuni niliyoitaja inaruhusu 7018 ya kawaida kukaa nje saa 4. Yenye herufi R mwishoni mwa nambari, saa 9, kwa kuwa R inamaanisha dawa imejaribiwa kwenye hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 80 kwa saa hizo na haikuvuka unyevu wa asilimia 0.4. Ukiona H4 kando yake, ni kipimo kingine: weldi haizidi mililita 4 za hidrojeni kwa kila gramu 100 za chuma kilichowekwa. Mwenye karakana ya nyumbani akiwa na chaguo, ninamshauri achukue yenye H4R, kwa sababu yeye ndiye anayeelekea zaidi kusahau fimbo mezani.

Za 6011 zilizoiva zilitupwa. Mpya zilibaki ndani ya kopo lake la chuma, kifuniko kimebanwa, kwenye rafu ya ndani mbali na sanduku la joto. Hakuna elementi, hakuna balbu, hakuna vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Watu wengi huviweka vifuko hivyo kila mahali kwa nia njema, lakini sioni sababu ya kuwekea kikaushio fimbo inayohitaji unyevu wake.

Kwa 6013 tulitumia kabati dogo la chuma lenye balbu ya zamani ya waya chini yake, ya wati 40. Balbu haikaushi kitu kwa nguvu. Inachofanya ni kupandisha joto la hewa ya ndani nyuzi kama 10 juu ya hewa ya nje, na hilo linatosha kuliko watu wanavyodhani: hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi nyuzi 35 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka hadi asilimia 45 hivi. Umande wa alfajiri chini ya paa la bati haupati nafasi ndani ya kabati la namna hiyo. Balbu za LED hazifai hapa kwa kuwa hazitoi joto la kutosha. Tuliacha tundu dogo juu ili hewa yenye unyevu itoke, na pakiti zikainuliwa kutoka sakafuni, maana saruji hupitisha unyevu wa ardhini hadi kwenye kitu chochote kilicholazwa juu yake.

Jicho la tela tulilikata lote, tukaandaa mfereji mpya wa weldi, tukalipasha moto, likachomelewa kwa fimbo za kopo jipya na kufunikwa na majivu makavu lipoe taratibu. Alisubiri siku tatu kabla ya kulikagua kwa dawa ya rangi inayopenya kwenye nyufa. Halikuonyesha ufa.

Swali lake la mwisho

Aliniuliza kama kweli sanduku liwake usiku na mchana, wiki nzima, kwa ajili ya mtu anayechomelea siku mbili. Jibu langu lilikuwa hapana, na ningempa jibu hilohilo mtu yeyote mwenye karakana ya namna yake. Sanduku la nyuzi 120 lina maana pale kopo linapofunguliwa na kazi nzito inaendelea siku kadhaa mfululizo. Nje ya hapo, njia rahisi ni kununua 7018 kwa makopo madogo yaliyofungwa bila hewa, kuyaacha yamefungwa mpaka siku ya kazi inayozihitaji, na kumaliza kopo siku hiyo. Zinazobaki zinaingia kwenye kipande cha bomba la plastiki lenye kipenyo cha milimita 75 na urefu wa milimita 400, ambao unazitosha fimbo za milimita 350, kofia ya kugundisha upande mmoja na kifuniko cha skrubu chenye mpira upande wa pili, pamoja na kifuko cha silika. Bomba hilo linapunguza kasi ya kunyonya unyevu. Haliziweki katika hali ya kopo jipya, kwa hiyo zinahesabiwa za kazi nyepesi tangu hapo. Fimbo zilizotoka kwenye sanduku zipoe kwanza kabla ya kuingia bombani, kwa sababu plastiki ya aina hiyo huanza kulainika karibu na nyuzi 80. Silika ikishalowa, hapo sanduku linapata kazi yake ya pili: saa chache kwenye nyuzi 120 hadi kifuko kirudie uzito wake wa mwanzo, nacho kinarudi bombani.